Kimondo kikianguka, msituambie kina nini kabla hakijapimwa

Ndugu mhariri, habari za kazi.

Mimi ni msomaji wenu wa miaka mingi na kazi yangu ni ufundi wa maabara, napima mawe na udongo, kwahiyo hili ninaloandika limenikaa rohoni muda mrefu na leo nimeona bora nilitoe. Kila kimondo kikionekana angani, popote pale duniani, haipiti hata siku mbili nafungua gazeti nakutana na kichwa cha habari kinasema jiwe lenye dhahabu limeanguka, au jiwe la chuma kitupu, au madini ambayo hayapatikani duniani, na ukisoma habari yote mpaka mwisho hakuna hata mtu mmoja aliyelishika hilo jiwe, achilia mbali kulipima. Mwandishi kaongea na mtu aliyeona mwanga, basi. Sasa mwanga na jiwe ni vitu viwili tofauti ingawa sisi kwa Kiswahili vyote tunaviita kimondo, na nadhani hapo ndo mkanganyiko unapoanzia, mtu kasema kimondo kilikuwa cha kijani akimaanisha ule mwanga, habari inapofika gazetini jiwe limeshakuwa la kijani na lina shaba ndani.

Sio kwamba mwanga hauna cha kutuambia, unatuambia mengi tu. Kimondo kinaingia kwenye hewa yetu kwa spidi ya kilometa 11 mpaka 72 kwa sekunde, hewa iliyopo mbele yake inabanwa na kupata joto kali sana mpaka uso wa jiwe unayeyuka na kuwa mvuke, na atomu zikipata joto namna ile kila moja inatoa rangi zake ambazo haziazimi kwa mwenzake. Sodiamu inatoa njano inayoelekea rangi ya chungwa, magnesiamu inatoa kijani, chuma kinatoa mistari mingi kila mahali. Kuna watu wanafunga kamera usiku kucha zenye kioo maalumu kinachochambua mwanga kama upinde wa mvua, na kwa hiyo mistari wanaweza kusema hiki kina sodiamu kidogo kuliko kawaida, hiki kina chuma kingi. Lakini jicho tupu halina hiyo kazi. Oksijeni ya hewa yetu wenyewe inaweza kutoa kijani, naitrojeni nayo inatoa wekundu, kwahiyo mtu akikwambia nimeona kijani inawezekana kabisa ameona hewa na sio jiwe.

Kuna na kitu kingine mwanga unasema, ni kimo ambacho kimondo kimepasukia. Kile cha Chelyabinsk kule Urusi, tarehe 15 Februari 2013, kilikuwa na upana wa mita kama 20 na kilipasuka kikiwa bado kilometa kama 30 juu, mshindo ukavunja vioo mji mzima na watu kama 1,500 wakaumia, wengi wao kwa vioo hivyo hivyo kwa sababu walikimbilia dirishani kuangalia mwanga. Jiwe la ukubwa ule likipasuka juu namna ile maana yake halikuwa limeshikamana vizuri, lilikuwa na nyufa nyingi ndani. Chuma kitupu cha ukubwa huo kingeshuka chini zaidi kabla hakijaachia. Kwahiyo hata kabla ya kuokota chochote tayari ungeweza kuhisi kwamba ni la mawe, ila kuhisi tu. Jibu lilikuja siku chache baadaye pale watafiti walipookota vipande vidogo vidogo vilivyotapakaa juu ya barafu ya ziwa Chebarkul kuzunguka shimo lililotobolewa na pande kubwa, na vile vipande ambavyo vingine havizidi punje vilitosha kusema ni kondraiti ya kawaida, yaani jamii mojawapo ya vimondo vya mawe. Pande lenyewe la zaidi ya kilo 600 lilikuja kutolewa ziwani Oktoba, wakati aina yake ilishajulikana miezi mingi nyuma.

Na pale ambapo hakuna kilichookotwa, hakuna jibu. Tunguska, Siberia, 30 Juni 1908, miti ililala chini kwenye eneo la zaidi ya kilometa za mraba 2,000, watafiti wakiongozwa na Leonid Kulik wakafika 1927 wakitegemea kukuta shimo na chuma, hawakukuta shimo wala jiwe, na zaidi ya miaka 100 sasa wataalamu bado wanabishana kama ilikuwa asteroidi ya mawe, yaani mwamba unaozunguka jua, au kipande cha nyotamkia. Tukio lenye nguvu kiasi kile halafu kipande cha kuweka chini ya hadubini hakuna! Ndo mjue kwamba kigramu kimoja mkononi kina thamani kuliko mashahidi elfu moja.

Sasa tuje kwenye jiwe lenyewe na hapa nawaombeni msinichoke maana hapa ndo penyewe.

Tarehe 22 Machi 1998 huko Monahans, Texas, Marekani, watoto walikuwa wanacheza basketi jiwe likaanguka karibu yao. Halikukaa nje kusubiri, haikufika hata siku tatu lilishafika maabara ya NASA likapasuliwa kwenye chumba kisafi, na ndani wakakuta punje za chumvi, ni chumvi hii hii tunayoijua ya sodiamu na klorini ila rangi yake ni bluu inayoelekea zambarau kwa sababu imepigwa na mionzi miaka na miaka, na ndani ya zile punje kuna vitone vya maji. Maji kabisa ya kutembea, yamefungiwa humo tangu mfumo wetu wa jua ukiwa mchanga, zaidi ya miaka bilioni 4 iliyopita. Mara ya kwanza nilipoisoma hiyo habari niliweka karatasi chini nikakaa kimya kwanza. Fikiria lile jiwe lingeanguka usiku wa mvua. Au mtu angeliokota akalipeleka bombani akalisugua ili litoke vizuri kwenye picha, chumvi inayeyuka inaondoka na maji na hakuna mtu yeyote angekuja kujua kwamba ilikuwepo, ripoti ingeandikwa kwamba jiwe lile halina chumvi na waliopima wangekuwa hawajadanganya, wangeandika walichokiona.

Hilo la kuosha naliona kila mwaka. Katika mawe yote niliyoletewa maabara na watu wanaoamini wameokota kimondo sikumbuki hata moja lililoletwa kama lilivyookotwa, limeoshwa, limesuguliwa kwa brashi ya waya, lingine limepakwa mafuta ling'ae. Mengi kusema ukweli hayakuwa vimondo. Lakini siku moja litakuja la kweli na litakuwa limeshaoshwa, na hilo ndo linaniumiza.

Na vidole je? Alama ya kidole cha binadamu ina asidi za amino, zile zile ambazo watafiti wanazitafuta ndani ya vimondo ili wajue kama malighafi za uhai zilikuwepo huko nje kabla ya dunia. Miaka ya 60 kuna vimondo vilivyokutwa na asidi hizo watu wakafurahi, halafu mtu mwingine akapima jasho la mikono akaona mchanganyiko unafanana kabisa. Ilibidi kije kile cha Murchison, Australia, 28 Septemba 1969, ambacho kiliokotwa kikiwa kipya, ndo ikaonekana kuna asidi za amino ambazo viumbe wa dunia hii hawazitumii, na zile zinazoitwa za mkono wa kushoto na za mkono wa kulia, yaani molekuli ile ile ila umbo limegeuzwa kama kwenye kioo, zimechanganyika, wakati viumbe hai wa hapa wanatumia karibu zote za kushoto. Hapo hakuna kidole kilichoweza kufanya hivyo. Tangu hapo watu wamejifunza. Ziwa Tagish, Kanada, Januari 2000, yule aliyeviokota vipande vya kwanza juu ya barafu hakuvigusa kwa mkono, aliviweka kwenye mifuko safi ya plastiki na akavitunza vikiwa bado vimeganda, na wanasayansi mpaka leo wanamshukuru. Winchcombe, Uingereza, usiku wa 28 Februari 2021, familia moja iliamka asubuhi ikakuta rundo la unga mweusi na vipande mbele ya nyumba yao wakavaa glavu wakakusanya kwenye mifuko, ilikuwa haijafika hata nusu siku tangu kianguke, na baadaye kupima kukaonyesha karibu asilimia 11 ya uzito wa jiwe lile ni maji yaliyofungwa ndani ya madini yake, na maji hayo yanafanana sana na ya bahari zetu. Nyumba ya kawaida, watu wa kawaida, glavu za kawaida. Hakuna aliyewalipa wala kuwafundisha darasani, walikuwa wameelewa tu kwamba usishike.

Kuna sababu nyingine ya haraka ambayo naona magazeti hayaitaji kabisa. Jiwe likiwa huko angani linapigwa na mionzi kila wakati, na ile mionzi inatengeneza ndani yake atomu zisizotulia ambazo zinaanza kupungua mara tu jiwe likishatua. Sodiamu 24, hiyo namba ni uzito wa atomu, inapungua nusu kila masaa 15, kwahiyo jiwe likikaa wiki moja kabatini kwa mtu imeshakwisha kabisa hakuna cha kupima. Sodiamu 22 inapungua nusu kwa miaka 2.6, alumini 26 kwa miaka kama laki saba, kwahiyo hizo zinavumilia. Ukijua kila moja ipo kiasi gani unajua kipande chako kilikuwa kimekaa kina gani ndani ya jiwe mama, na hivyo jiwe mama lilikuwa kubwa kiasi gani kabla halijaungua. Kupima kwenyewe sio mchezo, Italia kuna maabara ipo ndani ya mlima wa Gran Sasso, juu yake mwamba kama mita 1,400, ili mionzi mingine isiingilie, na jiwe linawekwa humo siku nyingi kwenye kifaa kinachohesabu mionzi inayotoka moja moja. Hiyo yote inategemea aliyeokota kama alipiga simu siku ile ile.

Sumaku. Hapa nitawakera wengi. Kila mahali wanashauri ukiokota jiwe weka sumaku, ikinasa ni kimondo. Ni kweli vimondo vingi vinavuta sumaku kwa sababu vina chuma, lakini mawe mengi ya hapa hapa duniani nayo yanavuta, na zaidi ya hapo, baadhi ya vimondo ndani yao kuna kumbukumbu ya usumaku wa zamani sana, wa wakati sayari zinaanza, yaani ni kama kaseti iliyorekodiwa miaka bilioni 4 nyuma, na ukileta sumaku ya nguvu kama hizi za kwenye spika unaifuta yote kwa sekunde moja. Hairudi. Kama lazima ujaribu ning'iniza dira ndogo karibu, ukiona sindano inacheza inatosha.

Na mengi ya yale yanayodhaniwa vimondo ni nini? Mabaki ya tanuri za chuma, hayo yanaongoza, meusi, mazito, yanavuta sumaku, ila ukiyaangalia yana matundu kama mkate na kimondo karibu kila mara hakina matundu. Halafu hematiti na magnetiti, madini ya chuma ya hapa hapa duniani. Chukua kigae, geuza upande wa nyuma usio na rangi ya kung'aa, kwaruza jiwe hapo, likiacha mstari mwekundu wa kahawia ni hematiti, likiacha mweusi au kijivu ni magnetiti, kimondo kipya kwa kawaida hakiachi mstari wa maana. Kimondo kilichoanguka juzi kina ganda jeusi jembamba chini ya milimeta moja, ndo ile sehemu iliyoyeyuka njiani, na ndani rangi ni nyingine kabisa, mara nyingi kijivu cheupe kama saruji. Na jamani hakidondoki kikiwa kinawaka. Kile kinachowaka kinazimika kikiwa bado kilometa nyingi juu, kinamalizia safari gizani kikianguka kama jiwe lolote, na ndani yake bado kina ubaridi wa huko kilikotoka. Ile habari ya jiwe la angani lililochoma nyasi na kuendelea kuwaka usiku mzima ningekuwa mhariri ningeirudisha kwa mwandishi.

Likishafika maabara salama linakatwa kipande chembamba, kinabandikwa kwenye kioo na kusagwa mpaka kinabaki unene wa milimeta 0.03, jiwe linakuwa linapitisha mwanga kama karatasi. Ukiweka chini ya hadubini yenye vichujio vya mwanga ndo unaona kitu ambacho sijui nikielezeeje, vidonge vidogo vya mviringo vya rangi kila aina, nyingi hazifiki hata milimeta mbili, vinaitwa kondruli. Kila kimoja kilikuwa tone la mwamba ulioyeyuka likielea angani likaganda, kabla dunia haijakuwepo. Hakuna mwamba wa duniani wenye kitu hicho. Ukiviona umeshajua una kondraiti, na katika kila vimondo 100 vinavyoonwa vikianguka na kuokotwa zaidi ya 80 ni kondraiti, vya chuma ni kama vitano tu, kwahiyo mwandishi anayeandika jiwe la chuma kwa kubahatisha mara nyingi atakosea.

Baada ya hapo inafuata kupima madini yenyewe kwa miale ya elektroni, hasa olivini, kuangalia chuma kimechukua nafasi kiasi gani dhidi ya magnesiamu. Kondraiti za kawaida zinagawanywa kwa herufi, H yenye chuma kingi, kama asilimia 27 ya uzito wote, L kama 22, LL kama 20, halafu inawekwa namba kuanzia 3 hadi 6 kuonyesha jiwe lilipikwa kiasi gani ndani ya asteroidi mama, 3 bado kondruli zinaonekana vizuri, 6 zimefifia. Chelyabinsk ni LL5. Herufi mbili na namba moja, inaonekana ndogo, lakini nyuma yake kuna kazi ya wiki nyingi, na inakuunganisha na mahali: Wajapani walipoleta vumbi la asteroidi Itokawa kwa chombo chao cha Hayabusa mwaka 2010 wakakuta nalo ni la ukoo wa LL, kwahiyo kwa mara ya kwanza tukawa na jiwe la huku chini na asteroidi ya kule juu tukaweza kusema hawa ni ndugu.

Vya chuma vina njia yao. Kimondo cha Mbozi kule Tanzania, kinachokadiriwa tani 16, karibu asilimia 90 ni chuma na nikeli ni kama 9. Hoba, Namibia, kikubwa kuliko vyote vilivyopatikana, tani kama 60, nikeli ni kama asilimia 16. Nikeli ndo ushahidi wenyewe, chuma cha angani hakikosi nikeli ya asilimia kama 5 na kuendelea, vyuma vya kawaida vya viwandani havina kiasi hicho isipokuwa vilivyowekewa makusudi. Hilo la nikeli halikugunduliwa jana. Mwaka 1794 mwanafizikia wa Ujerumani Ernst Chladni aliandika kwamba mawe yanatoka angani na wengi hawakumwamini, halafu 1802 mkemia Edward Howard wa Uingereza akachukua mawe yaliyosemekana yameanguka sehemu mbalimbali za dunia akayapima akakuta yote yana nikeli, mawe ya nchi tofauti na miaka tofauti yanafanana yenyewe kwa yenyewe kuliko yanavyofanana na mawe ya pale yalipookotwa! Mwaka uliofuata, Aprili 1803, maelfu ya mawe yakaanguka L'Aigle, Ufaransa, mwanafizikia Jean-Baptiste Biot akatumwa kuchunguza na ubishi ukaanza kuisha. Kwahiyo kwamba mawe haya yanatoka nje ya dunia tumekuja kuliamini kwa sababu kuna mtu alipima. Hakuna kilichobadilika hapo miaka mia mbili na zaidi.

Ukikikata chuma cha kimondo ukakilainisha ukapaka asidi ya naitriki kidogo, mara nyingi inatokea michoro ya mistari inayokatana kama mkeka uliosukwa. Ni aina mbili za mchanganyiko wa chuma na nikeli zilizojitenga wakati ndani ya asteroidi panapoa taratibu, digrii chache au mamia ya digrii kwa kila miaka milioni. Hakuna kiwanda kinachoweza kuiga hilo. Hoba hata hivyo haina michoro hiyo, nikeli yake ni nyingi mno, kwahiyo kukosa michoro peke yake hakumaanishi jiwe ni feki, na ndo maana nasema kipimo kimoja hakitoshi.

Oksijeni ndo inayosema jiwe ni la nyumba gani. Kuna oksijeni za uzito tatu, 16, 17 na 18, na Robert Clayton na wenzake mwaka 1973 walionyesha kwamba uwiano wake kwenye kimondo cha Allende cha Mexico haufanani na wa mawe ya dunia. Kila familia ya vimondo ina uwiano wake. Mawe ya Mars yametambulika kwa njia kama hizo, na lile lililookotwa Antaktika linaloitwa EETA79001 lilikuwa na kioo ndani yake kilichofungia gesi, na mwaka 1983 ikaonekana gesi ile inalingana na hewa ya Mars iliyopimwa na vyombo vya Viking vilivyotua kule 1976. Pumzi ya sayari nyingine ndani ya jiwe. Hivyo ndivyo vichwa vya habari ninavyovitamani, na ni vya kweli.

Namalizia na Sudan kwa sababu huko ndo kuna somo ambalo hata sisi wa maabara lilitubadilisha. Tarehe 6 Oktoba 2008 darubini ya Marekani iliona kiasteroidi cha upana wa mita kama 4, kikapewa jina 2008 TC3, na kabla ya masaa 20 kupita kikaingia anga la jangwa la kaskazini mwa Sudan. Ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu kuona jiwe likiwa bado huko nje na kujua linakuja, na darubini zikawahi kupima mwanga wake kabla halijafika. Desemba mtafiti wa vimondo Peter Jenniskens na Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum wakaenda na wanafunzi wakapanga mstari mrefu wakatembea jangwani wakiangalia chini. Jumla vikaja kupatikana vipande kama 600, vyote pamoja kama kilo 10 hivi, na kimondo kikaitwa Almahata Sitta, maana yake kituo cha sita, kituo cha reli cha jangwani karibu na hapo, na hiyo sitta ni sita yetu hii hii. Vipande vingi vilikuwa jamii ya yureliti, mawe adimu yenye kaboni na almasi ndogo zisizoonekana kwa macho. Lakini walivyoendelea kupima wakakuta kipande kingine ni kondraiti ya enstatiti, kingine kondraiti ya kawaida, familia ambazo mwanzoni watu walidhani haziwezi kukaa jiwe moja. Kumbe kile kiasteroidi kilikuwa kifusi, mabaki ya asteroidi tofauti tofauti yaliyogongana yakashikana. Sasa kama wangeokota kipande kimoja wakakipima wakatangaza, wangekuwa wamekosea hata wakiwa wamepima vizuri kabisa.

Kwahiyo ndugu mhariri, dhahabu. Dhahabu kwenye vimondo ipo, hata vile vya chuma ni sehemu chache tu kwa milioni, tani nzima unapata gramu chache. Habari ya jiwe la dhahabu ikitoka watu wanalipasua kwa nyundo wagawane, vipande vinaenda huku na kule havifiki maabara, wakati kimondo ili kipewe jina rasmi inatakiwa kiachwe kwenye taasisi angalau gramu 20 au asilimia 20 ya uzito wake, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili, kinachobaki mwenye nacho anabaki nacho kwa sheria za nchi yake. Mngeandika hilo mngesaidia zaidi.

Naomba siku nyingine kimondo kikionekana, pembeni ya habari mweke kiboksi kidogo: andika saa uliyoona na upande uliotoka, ukiokota piga picha kwanza pale pale kilipolala, usikishike kwa mkono, tumia glavu au foili safi, usikioshe, usikiwekee sumaku, kiwe mahali pakavu, peleka chuo chenye idara ya jiolojia mapema. Na mpiga picha wenu akifika mwambieni aweke rula pembeni na apige ule upande uliovunjika, sio ule mweusi unaopendeza, maana kwenye uliovunjika ndo kondruli zinaonekana na mtu kama mimi nikiiona hiyo picha gazetini nitajua asubuhi hiyo hiyo nimpigie nani simu.

Wenu msomaji,
Fundi maabara